Pampu mbili ubavuni: treni za madini kutoka Tyne Dock hadi Consett

Picha za injini za mvuke za aina ya 9F zikipanda kwenda Consett, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, huonyesha pampu mbili zimesimama ubavuni mwa boila. Wengi hudhani ni za breki. Sizo. Breki za treni zile zilikuwa za vakyumu, yaani zinazofanya kazi kwa kunyonya hewa. Pampu hizo, za Westinghouse, zilitoa hewa ya kufungulia milango ya mabehewa.

Kiwanda cha chuma cha Consett kilikuwa mlimani, mbali na bahari, na madini yake yalishushwa melini kwenye bandari ya Tyne Dock. Miaka ya 1950 yakaanza kutumika mabehewa ya kubeba tani 56 kila moja, yenye milango ubavuni. Mabehewa 8 ni tani 448 za madini, kabla hujahesabu uzito wa mabehewa yenyewe. Kule juu, hewa ilifungua milango na mzigo ukamwagika. Kwa hiyo injini isiyo na pampu ingeweza kuvuta hadi kiwandani, lakini isingeweza kupakua. Ndiyo maana injini 10 tu za 9F, zenye namba 92060 hadi 92066 na 92097 hadi 92099, ndizo zilizofungiwa pampu.

Kazi ngumu hasa ilikuwa mlima. Sehemu kali zaidi ilipanda mita 1 kwa kila mita 35. Piga hesabu: kila tani ya treni inavutwa kurudi chini kwa nguvu ya kilo 28 na ushei, msuguano haujaingia. Kwa hiyo kuanzia makutano ya reli ya South Pelaw injini ya pili ilisukuma kutoka nyuma. Madereva wawili hawaonani, na lazima wagawane mzigo. Wa nyuma akilegea, viungo vya mabehewa ya mbele vinabeba uzito wote. Akizidisha, bafa, vile vizuizi vya kupokea msukumo kwenye ncha za mabehewa, zinabanana kwenye kona na behewa linaweza kuinuka relini.

Adui mwingine ni reli yenye unyevu. Mchanga unamwagwa mbele ya magurudumu kabla hayajateleza, punje chache tu, mkavu kabisa, maana ukilowa hugandamana na kuziba bomba. Magurudumu yakishaanza kuzunguka bure, dereva hufunga mvuke kwanza, ndipo amwage mchanga. Akimwaga wakati yanazunguka, yanashika reli ghafla na fito zinazounganisha magurudumu zinaweza kupinda. Mvuke ukifungwa kwa muda mrefu, mwendo unakufa, na kuondoa treni iliyosimama kwenye mwinuko ule ni kazi ya kutoa jasho. Kwangu mimi, kipimo cha dereva mzuri kilikuwa hapo, kwenye zile sekunde chache.

Mvuke ulimaliza kazi hii tarehe 19 Novemba 1966, injini ikiwa 92063. Injini za dizeli za aina ya Class 24 zilizofuata zilivuta zikiwa mbili mbili kwa kila treni, nazo zikafungiwa pampu za hewa, kwa kuwa mabehewa yalibaki yale yale.