Kwa Nini Korosho Haimo kwenye Nembo ya Taifa?

Katika miaka yote niliyofundisha somo la uraia kwenye shule za msingi za Mtwara, swali moja limenirudia mara nyingi kutoka kwa watoto ambao sare na madaftari yao hununuliwa kwa fedha za korosho: "Mwalimu, karafuu imo, pamba imo, mbona korosho yetu haimo?" Nalipenda sana swali hili, kwa sababu mtoto anayeliuliza ameshaelewa kwamba mchoro ule unamhusu.

Huwajibu kwa kuanzia miguuni pa mwanamume na mwanamke wanaoishika ngao kwenye nembo ya Tanzania. Mkarafuu uko miguuni pa mwanamume na mpamba miguuni pa mwanamke. Karafuu ni zao la Zanzibar na pamba ni zao la Bara, pande mbili zilizoungana tarehe 26 Aprili 1964. Mimea hiyo huwakilisha ushirikiano, na mkulima wa korosho wa Newala yumo ndani yake sawasawa na mkulima wa pamba wa Shinyanga. Kisha huwaonyesha jembe lililopishana na shoka kwenye ngao, nikawauliza ni nani nyumbani hupalilia mikorosho. Majibu humiminika: mama, babu, kaka, mimi mwenyewe. Hapo heshima ya kazi huwa imeshaingia kabla sijaitamka.

Rangi za bendera, ambayo nayo imo kwenye ngao, watoto wengi huzijua mapema: kijani ni ardhi na mimea, dhahabu ni madini, nyeusi ni watu, buluu ni maji. Huzikariri bila kukosea, nami huona huzuni pale mafunzo yanapoishia hapo, kwa kuwa mtoto anaweza kuitaja rangi ya watu huku akimcheka mwenzake anayetoka kabila jingine.

Kwa hiyo muda mwingi huutumia kwa wale wawili tunaowaita Bibi na Bwana. Huja darasani na kinyago cha ujamaa, kile ambacho Wamakonde huchonga kwa gogo moja la mpingo, watu wakiwa wamebebana na kushikana hata usijue mkono huu ni wa nani. Watoto hukipapasa na kukizungusha, wakijaribu kumtafuta mtu anayeweza kutolewa bila kinyago kuharibika, na hawampati. Ndipo huwaambia wafunike kwa kiganja mmoja wa wale wawili kwenye picha ya nembo, wanieleze wanaona nini. "Ngao itaanguka," alisema binti mmoja wa darasa la nne, na tangu siku hiyo sijapata maelezo bora ya neno "Umoja" lililoandikwa chini ya ngao pamoja na neno "Uhuru".

Mwenge wa Uhuru, ambao nao umo kwenye ngao na uliowashwa kwa mara ya kwanza kwenye kilele cha Kilimanjaro tarehe 9 Desemba 1961, hauhitaji maneno mengi kwa watoto ambao wamewahi kupanga mstari barabarani kuulaki.

Mwisho wa kipindi huwaomba wachore nembo ya darasa lao. Mvulana mmoja alichora mkorosho, na chini yake wanafunzi wawili walioshika kikapu kimoja, kila mmoja upande wake. Nilipomwuliza hao ni akina nani, alisema ni yeye na jirani yake wa dawati, ambaye walikuwa hawajasemezana kwa wiki nzima.