Samaki wa Tangini Akijeruhiwa, Anza na Maji

Maswali mengi yanayotufikia kwenye kitengo cha afya ya samaki huja na picha na sentensi moja: samaki ana kidonda, nimwagie vidonge vingapi vya tetrasaiklini, ile antibayotiki? Idadi ya vidonge huulizwa na kila mtu. Hali ya maji haitajwi na yeyote. Jibu letu la kwanza huwa lilelile, na huwaudhi baadhi ya wafugaji: kwa sasa hakuna kidonge, tupe kwanza vipimo vya maji.

Hatusemi hivyo kwa ubishi. Katika Ziwa Tanganyika kuna samaki aitwaye Perissodus microlepis ambaye riziki yake ni magamba ya wenzake. Humnyemelea mwenzake kwa nyuma, humnyofoa magamba ubavuni na kutimua mbio. Baadhi yao midomo imepinda kulia, baadhi kushoto, kila mmoja na ubavu anaouvizia. Walionyofolewa huendelea na maisha yao. Ute hufunika palipochubuka, ngozi hujifunga, magamba huota upya. Hakuna anayewapelekea dawa. Wanachokuwa nacho ni maji safi yasiyo na amonia (sumu itokanayo na kinyesi cha samaki na chakula kinachooza), yenye oksijeni ya kutosha. Mchubuko uleule kwenye tangi la lita 60 lililojaa samaki na mabaki ya chakula huwa kidonda kinachonuka ndani ya siku chache.

Bakteria wanaooza mapezi na kuchimba vidonda, hasa wa jamii ya Aeromonas na Pseudomonas, wamo ndani ya maji siku zote, hata kwenye tangi linalong'aa. Husubiri mlango. Ngozi ikichanika na samaki akiwa amedhoofishwa na maji mabaya, wanaingia.

Kwa hiyo pima. Amonia iwe sifuri, naitraiti (sumu ambayo bakteria wa chujio huigeuza amonia kuwa) iwe sifuri, naitreti (hatua ya mwisho, isiyo kali) isizidi miligramu 40 kwa lita. Kama huna vifaa vya kupimia, ulizia dukani uliponunulia samaki; vijiti vya kuchovya ni bora kuliko kubahatisha kwa macho, kwa sababu amonia haina rangi. Pima na pH, yaani kiwango cha asidi au ualkali wa maji, maana ndiyo inayoamua ukali wa amonia. Kwenye maji ya nyuzi 25 yenye pH 7, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki asilimia moja. Kwenye pH 9, karibu na hali ya Ziwa Tanganyika lenyewe, huzidi theluthi moja. Anayefuga sikilidi, jamii ya samaki wa ziwa hilo wanaovuliwa Kigoma, hana nafasi ya uzembe aliyonayo anayefuga gapi kwenye maji laini.

Kipimo kikiwa kibaya, badilisha theluthi hadi nusu ya maji siku hiyohiyo, kwa maji ya joto linalolingana. Maji ya bomba yana klorini, na klorini huunguza matamvua. Yakikaa ndooni saa 24 huku pampu ya hewa ikitoa mapovu, klorini hutoka. Lakini kama mamlaka ya maji ya eneo lako hutumia kloramini, klorini iliyounganishwa na amonia, kusubiri hakusaidii, na utahitaji dawa ya kuiondoa yenye sodiamu thayosalfeti. Usioshe sponji ya chujio kwa maji ya bomba. Bakteria wanaokula amonia wanaishi humo, na huchukua wiki nne hadi sita kujenga makazi mapya. Wakazi wa maeneo yenye mgao wa umeme wanalo jambo la ziada: chujio lililosimama saa kadhaa hukosa oksijeni, bakteria wake hufa, na umeme ukirudi uchafu wote husukumwa tangini. Likamue kwanza kwenye ndoo ya maji ya tangi, ndipo uliwashe.

Kisha tafuta kilichomjeruhi, la sivyo utatibu leo na kidonda kirudi keshokutwa. Jiwe lenye ncha, mdomo wa pampu unaonyonya mapezi, hita isiyo na kinga, au dume mmoja anayejiona mwenye nyumba. Tropheus na mbuna, sikilidi wagomvi, ni mabingwa wa hilo la mwisho. Hapo anayehamishwa na awe mgomvi. Aliyepigwa ukimtoa na kumrudisha, hupokewa kama mgeni na kupigwa tena.

Jeraha likiwa kubwa, mtenge mgonjwa. Huhitaji tangi la pili la fahari. Ndoo ya plastiki ya lita 20 ambayo haijawahi kuwekwa sabuni, pampu ya hewa, kipande cha bomba cha kujifichia, na mfuniko. Usiweke mchanga. Lisha kidogo na badilisha sehemu ya maji kila siku, kwa kuwa ndoo haina chujio lililokomaa.

Dawa ya kwanza ni chumvi, na bei yake isikudanganye. Damu ya samaki wa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, ina chumvi kama gramu 9 kwa lita, wakati maji anamoogelea karibu hayana kitu. Ngozi nzima huzuia. Ikichanika, maji huingia mwilini na chumvi hutoka, na samaki hutumia nguvu zake zote kuyasukuma nje badala ya kupambana na ugonjwa. Gramu 1 hadi 3 za chumvi kwa kila lita hupunguza kazi hiyo, na pia huzuia naitraiti isipenye kwenye matamvua. Kwa ndoo ya lita 20, gramu 40 zinatosha. Ziyeyushe kwenye jagi, mimina kwa awamu tatu ndani ya siku moja. Chumvi ya mawe ni nzuri, iwe ya Uvinza au ya pwani. Madini joto yaliyomo kwenye chumvi ya kawaida ya dukani ni machache mno kwa kipimo hiki kumdhuru samaki. Kumbuka chumvi haipandi na mvuke. Maji yakipungua ongeza maji matupu, ama sivyo baada ya wiki utakuwa na kachumbari. Mimea mingi ya tangini na baadhi ya kambare wasio na magamba hawaivumilii, ndiyo sababu tunasema itumike ndooni.

Kidonda kilicho wazi kwa samaki mkubwa kiasi, kama oska au samaki wa dhahabu aliyekomaa, kinaweza kupakwa ayodini. Hapa ndipo mafuta ya karafuu yanapofaa, yale yanayokamuliwa Pemba kutoka kwenye makonyo na majani. Yana yujenoli, ambayo humlaza samaki. Chukua safi, yasiyochanganywa na mafuta mengine wala manukato. Tone moja kwa kila lita ya maji yaliyotoka tangini ni kipimo cha kuanzia. Litikise kwanza ndani ya chupa ndogo yenye maji ya vuguvugu mpaka yawe meupe, kwa sababu mafuta matupu huelea juu bila kufanya kazi. Mtie samaki, mtazame. Atayumba, atalala ubavu, na kifuniko cha matamvua kitaendelea kufunguka na kufunga taratibu. Kikisimama, mrudishe haraka kwenye maji safi yenye hewa.

Akilala, mlaze juu ya kitambaa kilicholowa, mikono yako ikiwa imelowa pia. Mkono mkavu hubandua ute. Funika jicho kwa ncha ya kitambaa. Kausha kidonda kwa kijiti cha pamba, kisha paka povidoni ayodini iliyozimuliwa mara 10, ukielekea mkiani ili isitiririke kwenye matamvua. Fanya yote chini ya dakika moja. Samaki wadogo kama gapi usiwafanyie hivi. Mshtuko wa kushikwa utawaua kabla ya kidonda.

Sasa ile dalili inayowapotosha wengi: weupe. Watu huona kitu cheupe mwilini na kusema fangasi, wakati magonjwa matatu tofauti yote huonekana meupe, na matibabu ya moja huua mwenye jingine. Zima taa ya chumba, mulika samaki kwa tochi kutoka ubavuni. Ukiona nyuzinyuzi zimesimama juu ya kidonda kama pamba, huyo ni ukungu wa maji, Saprolegnia. Hupenda maji ya baridi, kwa hiyo wafugaji wa Njombe, Arusha au Nairobi hukutana naye zaidi. Chumvi na methilini bluu, dawa ya rangi ya bluu, ndooni humtosha.

Ukiona doa bapa la kijivujeupe, pembeni likielekea umanjano, mdomoni au limekaa mgongoni kama tandiko, huyo ni bakteria Flavobacterium columnare. Anapenda joto. Katika maji ya Dar es Salaam ya Januari, yanayofika nyuzi 29 bila hita, anaweza kumaliza samaki ndani ya siku moja au mbili. Ukipandisha joto unamsaidia yeye. Punguza joto taratibu, ongeza hewa, na mtafute daktari wa mifugo siku hiyohiyo, kwa kuwa huyu ndiye anayehitaji antibayotiki kweli.

Ukiona nukta nyingi zilizotawanyika kama chembe za chumvi, ni kimelea Ichthyophthirius, mleta ugonjwa wa madoa meupe. Nukta iko chini ya tabaka la ngozi, dawa haiifikii. Hukomaa, hudondoka mchangani, hujigawa na kutoa mamia ya watoto wanaoogelea kutafuta samaki, na ni hao tu wanaouawa na dawa. Hivyo huyu hutibiwa tangi zima, kinyume na wengine: joto la nyuzi 29 au 30 kuharakisha mzunguko, hewa nyingi kwa kuwa maji moto hubeba oksijeni kidogo, na chumvi au dawa ya madoa meupe. Tangi likiwa na mimea au kambare laini, chagua dawa wanayoivumilia. Endelea siku kadhaa baada ya nukta ya mwisho kutoweka. Wengi huacha mapema.

Turudi kwenye tetrasaiklini. Maji magumu, kama ya visima vingi vya pwani na ya matangi ya sikilidi, yana kalsiamu na magnesiamu zinazoikamata dawa hiyo kabla haijaingia mwilini. Samaki hapati dozi. Kinachobaki ni maji ya kahawia, bakteria wa chujio walioathirika, amonia inayopanda, na bakteria wa ugonjwa waliozoezwa dawa kidogo kidogo, ambao baadaye humwagwa mtaroni. Antibayotiki inayofaa huchaguliwa na daktari, na kwa samaki anayekula bado, kuchanganywa kwenye chakula ni bora kuliko kumwagwa majini. Na wenye bwawa la sato au perege nyumbani: dawa za samaki wa mapambo zisiingie huko kabisa. Malakaiti kijani, iliyomo kwenye nyingi ya dawa za madoa meupe, imepigwa marufuku kwa samaki wa kuliwa katika Umoja wa Ulaya na Marekani.

Tumbo likivimba na magamba yakasimama pande zote, mara nyingi figo zimeshindwa, na matumaini ni madogo. Mafuta yaleyale ya karafuu, takriban matone 10 kwa lita, humpumzisha bila maumivu. Mwache humo angalau dakika 10 baada ya matamvua kusimama, kisha mzike. Asitupwe mtoni, wala wenzake wazima wasiachiliwe huko.

Mwisho, mikono yako. Samaki anayekonda huku akila, mwenye vidonda visivyopona na uti wa mgongo unaopinda, anaweza kuwa na Mycobacterium marinum, jamaa wa kifua kikuu. Humwingia mtu kupitia mchubuko na kuota uvimbe mgumu usiouma sana kwenye kidole au kiwiko, wiki kadhaa baada ya kuosha tangi. Vaa glavu ukiwa na jeraha, na usivute maji ya bomba la tangi kwa mdomo. Uvimbe wa aina hiyo ukitokea, mwambie daktari kwamba unafuga samaki. Asipojua, anaweza kukutibu miezi kadhaa kwa dawa isiyoufaa.