Jamii asilia: neno moja, maana mbili

Uganda, swali la "asili yako wapi?" si la maamkizi tu. Ukiomba kitambulisho cha taifa utaulizwa kabila na ukoo, na jibu linagusa uraia wako. Ibara ya 10 ya katiba ya 1995 inamhesabu kuwa raia wa kuzaliwa mtu aliyezaliwa Uganda ambaye mzazi wake mmoja, au babu au bibi yake, anatoka katika jamii asilia zilizokuwa zikiishi ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Februari 1926. Ndiyo siku eneo la Waturkana lilipohamishiwa Kenya, na ramani ya Uganda ikabaki karibu kama ilivyo leo. Majina ya jamii hizo yameorodheshwa mwishoni mwa katiba: 56 mwanzoni, 65 baada ya marekebisho ya 2005.

Kwa maana hii, "asilia" ni aliyekuwapo siku ile. Wanubi wamo. Mababu zao ni wanajeshi wenye asili ya Sudan waliochukuliwa na Lugard, afisa wa Kiingereza, karibu na Ziwa Albert mwaka 1891. Leo kitovu chao ni Bombo, wana Kinubi chao, na Kiswahili wanakiongea kama chao. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa jembe walilishika zamani, na anayewaita wakuja anakosea hata mbele ya sheria.

Maana ya pili ni ile ya Azimio la Umoja wa Mataifa la 2007 kuhusu haki za watu asilia, na ya Tume ya Afrika ya haki za binadamu. Hapa tarehe si hoja. Jamii asilia ni watu wanaojitambua hivyo wenyewe, ambao maisha na mila zao zimefungamana na ardhi fulani, na ambao wamesukumwa pembeni. Wabatwa wa kusini magharibi ni hao. Bwindi na Mgahinga zilipofanywa hifadhi za taifa mwaka 1991, walibaki nje ya misitu yao bila ardhi. Jina lao limo kwenye orodha ya katiba, lakini halikuwapa hata kiwanja cha kujenga kibanda. Ilikuwa 2021 Mahakama ya Katiba ilipokubali kwamba kuondolewa kule kuliwaacha wametengwa.

Wabenet wa Mlima Elgon wako kinyume chake. Mwaka 2005 Mahakama Kuu iliwatambua kuwa wenyeji asilia wa eneo lile, ila katiba haiwataji. Wanahesabiwa chini ya Wasabiny.

Kuwa wa jamii, hata hivyo, hakuishii kwenye karatasi. Muganda akitakiwa kujieleza "hulanya": hutaja jina lake, la baba, la babu, apande hadi ukoo, na wenzake wakamjua ni wa nani. Kwa Mbatwa, kiungo hicho ni msitu: mzinga wa asali, njia ya mzee, pango la Garama chini ya Mgahinga ambalo kwao ni patakatifu. Mtoto asiyeingia huko anabaki kusimuliwa, na mimi naona huko ndiko kupoteza kukubwa kuliko ardhi yenyewe. Siku hizi Wabatwa huingia Garama wakiwaongoza watalii na kuwaimbia gizani. Ziara ikiisha, hutoka pamoja nao.