Kwa nini daktari achungulie kwanza ndipo akupe dawa ya bawasiri?

Ukipita Mwanjelwa, Mbeya, si ajabu kukuta mtu anauza dawa ya bawasiri kwenye chupa ya maji. Hana maswali mengi: unatokwa damu nyuma? Basi ni bawasiri, kunywa. Hospitalini unaeleza habari ile ile, na daktari anajibu, "Sawa mzee, panda kitandani tuangalie." Hapo wengine huanza kuutazama mlango.

Daktari ana sababu. Damu nyekundu inayodondoka baada ya choo inaweza kuwa ya bawasiri, ya mchaniko wa njia ya haja kubwa, ya kinyama kilichoota ndani, au ya saratani ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Kwa kuitazama tu huwezi kujua imetoka wapi. Kidole cha daktari, ambacho ndicho hutangulia, kitagusa uvimbe mgumu; lakini bawasiri ya ndani ni laini na ukiibonyeza inanywea, kwa hiyo kidole huikosa. Inabidi ionekane kwa macho.

Kifaa chenyewe, proktoskopi, ni kibomba kifupi cha plastiki au chuma, sentimita 10 hivi au pungufu. Kinaingia kikiwa na kizibo cha ncha ya mviringo ili kisikwaruze, na wakati huo daktari haoni kitu. Kizibo kikishatolewa, anamulika taa na kukivuta kibomba nje polepole. Kuangalia hufanyika wakati wa kutoka: kuta zinarudi kukutana mbele ya mdomo wa kibomba, na bawasiri kama ipo inachomoza. Anaweza kukuomba usukume kidogo kama mtu aliye chooni.

Wewe unalala ubavu wa kushoto, magoti umeyakunja kuelekea kifuani, shuka juu yako. Utahisi choo kinakuja. Hakiji, ni mgandamizo tu; pumua kwa mdomo, baada ya dakika chache imekwisha. Kwa kawaida hakuna sindano ya ganzi, kwa sababu sehemu ya juu, bawasiri ya ndani inakoota, haina hisia za maumivu kama ngozi ya nje. Ndiyo maana daktari anaweza hata kuifunga bawasiri kwa kipete cha mpira kupitia kibomba hichohicho. Ukisikia maumivu makali, sema palepale. Huenda una mchaniko, na kipimo kinaweza kusubiri upone.

Maandalizi ni madogo: nenda choo kabla, na sema kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Kula unaweza. Mama anayeona aibu aombe nesi wa kike awepo chumbani, ni haki yake; hedhi nayo si kizuizi.

Ila kibomba hiki kinaishia chini kabisa, na utumbo mpana una urefu wa kama mita 1.5. Ukiwa umepungua uzito, una upungufu wa damu, au mzazi wako aliugua saratani ya utumbo, usiridhike na jibu la "ni bawasiri tu". Uliza kuhusu kolonoskopi, yaani kuchungulia utumbo mpana wote kwa mpira mrefu wenye kamera, hata kama kwa mtu wa Tukuyu au Mafinga ni safari ya hospitali kubwa.

Baada ya kipimo unavaa na kuendelea na kazi zako. Doa dogo la damu si tatizo. Damu isiyokatika, homa au maumivu yanayozidi, rudi siku hiyohiyo.