Video za presha kwa wazee: toeni mziki, onyesheni kayabo

Nafanya kazi kliniki ya presha na sukari hapa Mwanza na video za afya zinazozunguka WhatsApp nimeziona nyingi, shida ni kwamba zimetengenezwa kama vile mzee ana masikio ya kijana. Uzeeni sauti nyembamba ndo zinaanza kupotea, sasa ukiweka na kinanda nyuma maneno yote yanamezwa. Mimi zangu hazina mziki, naongea taratibu, dakika 3 basi, na jambo moja tu.

Na hilo jambo liwe la jikoni kwake. Bibi wa Kirumba ukimwambia apunguze sodiamu (ile iliyomo kwenye chumvi) atakuitikia vizuri tu, "haya mjukuu wangu", akitoka hapo anaenda kupika kayabo. Sangara wa chumvi yule! WHO wanasema mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa milo yote, so kwenye video tunaimwaga kiganjani aione ilivyo kidogo, halafu kayabo analowekwa, maji yanamwagwa, analowekwa tena, na mchuzi hautiwi chumvi nyingine. Akipata sato mbichi ndo bora zaidi.

Kupima nako kuna video yake, maana mtu ameshuka mlima Bugarika kwa mguu, anahema, tayari kafungwa mashine. Akae kwanza dakika 5, aegemee, asikunje nne, mkono mezani usawa wa moyo, na stori ziachwe (hapa hata manesi wenzangu tunajisahau).

Ngumu kuliko zote ni ya dawa. Presha haiumi, mzee akijisikia fresh anaacha dozi, au amlodipini, kidonge cha presha, imemvimbisha miguu kaiacha kimya kimya, au katumiwa clip ya kitunguu swaumu kinachoponya presha moja kwa moja. Hapo tunasema wazi, miguu ikivimba njoo tukubadilishie, usiache mwenyewe, ukiacha kiharusi hakipigi hodi.

Ila video peke yake haitoshi jamani. Ikiisha namwambia babu, shikamoo, hebu sasa nionyeshe ungekaaje ukipimwa, na akikosea tunairudia pale pale. Wasio na bando tunawawekea kwenye memori kadi, na simu kama ni ya mjukuu basi mjukuu naye aingie ndani aangalie, maana nyumbani yeye ndo atakayeibonyeza.