Karama ni nini, na kwa nini hukupewa kwa ajili yako

Karama ni uwezo ambao Mungu humpa muumini bure ili kupitia kwake watu wengine wahudumiwe. Maana hiyo ina mambo matatu ndani yake. Mawili tunayakumbuka vizuri, kwamba inatoka kwa Mungu na kwamba hailipiwi. La tatu ndilo linalotuponyoka: mlengwa wa karama ni mtu mwingine, si yule aliyeipokea.

Mtume Petro anayaweka yote matatu katika mstari mmoja: “kila mmoja kwa kadiri alivyoipokea karama, itumieni kwa kuhudumiana, kama mawakili wema wa neema mbalimbali za Mungu” (1 Petro 4:10). Wakili anayetajwa hapa hana uhusiano na mahakama. Ni mtumishi aliyekabidhiwa nyumba ya bwana wake, kama Yosefu alivyokuwa nyumbani kwa Potifa. Yeye ndiye mwenye funguo za ghala na hesabu za mali. Katika Luka 12:42 Yesu anaitaja kazi ya mtumishi wa namna hiyo: “awape watu posho kwa wakati wake.” Sasa mfikirie wakili huyo asubuhi. Chakula kipo, watumishi wenzake wamesimama mlangoni, na funguo anazo yeye. Hawezi kujisifu kwa wingi wa nafaka maana hakuilima, wala hawezi kusema kwa unyenyekevu kwamba ghala lake ni dogo na hastahili kulifungua. Asipofungua, wenzake wanashinda njaa, na unyenyekevu wake hauwashibishi.

Ndiyo maana swali ambalo Wakristo wengi huanza nalo, “mimi nina karama gani?”, huwachelewesha. Linamfanya mtu ajichunguze mwenyewe kwa miaka. Swali la wakili ni jingine: nani amesimama mlangoni, na anahitaji nini ambacho mimi ninacho?

Mfano wa talanta katika Mathayo 25 nao hufafanuliwa mara nyingi kana kwamba mtumishi wa tatu, aliyeachiwa na bwana wake talanta moja ya fedha, alipewa kidogo akavunjika moyo. Kidogo? Talanta moja ilikuwa na thamani ya dinari zipatazo 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Mtu huyo alifukia ardhini karibu mshahara wa miaka 20. Tena hakuiba wala hakuitapanya, aliirudisha nzima, na bado bwana wake alimwita mtumishi mbaya na mlegevu. Kosa lake lote ni kwamba alichopewa hakikumfikia mtu yeyote.

Watu huuliza kama karama na kipaji ni kitu kimoja. Kwa mazoea tunasema kipaji ni kile ambacho mtu anazaliwa nacho, awe anaamini au haamini: sauti nzuri, mikono ya ufundi, kichwa cha hesabu. Karama tunaihusisha na kazi ya Roho Mtakatifu ndani ya mwamini. Tofauti hiyo inasaidia, ila isivutwe kupita kiasi. Biblia inapomtaja Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, inasema Mungu alimjaza Roho wake, na alichojazwa kukifanya ni kazi ya dhahabu, fedha, shaba, kuchonga mbao na kukata vito (Kutoka 31). Ni fundi, si kuhani wala nabii. Kutoka 35:34 inaongeza jambo ambalo wengi hulipita: yeye na mwenzake Oholiabu walitiwa moyoni uwezo wa kufundisha. Ufundi wao haukukusudiwa kuishia mikononi mwao. Kwa hiyo aliyezaliwa na kichwa cha hesabu akakitumia kuweka vitabu vya kanisa sawasawa ili sadaka ya maskini iwafikie maskini, sioni sababu ya kumwambia kwamba hicho ni kipaji tu.

Tofauti inayopaswa kushikwa kwa nguvu ni kati ya karama na tunda la Roho. Tunda, yaani upendo, furaha, amani, uvumilivu na mengine yanayotajwa katika Wagalatia 5:22-23, linatakiwa kwa kila Mkristo. Karama hugawanywa, huyu hii na yule ile. Hakuna anayeruhusiwa kusema “mimi sina karama ya upole.” Na karama kubwa si cheti cha tabia njema: katika Mathayo 7 wako waliotoa unabii na kutoa pepo kwa jina la Yesu, naye akawaambia hakuwajua kamwe. Laiti tungeukumbuka mstari huo kabla ya kumkabidhi mtu kila kitu kwa sababu anahubiri kwa moto.

Orodha za karama ziko katika Warumi 12, 1 Wakorintho 12 na Waefeso 4, na Petro anaongeza mgawanyo mfupi wa kunena na kuhudumu. Ukiziweka pamoja utaona hazilingani. Unabii umo katika zote tatu za Paulo, kurehemu kumo katika Warumi peke yake, masaidiano na maongozi yamo katika Wakorintho. Inaonekana mwandishi alikuwa akitoa mifano tu. Makanisa hayakubaliani pia kuhusu kunena kwa lugha, uponyaji na unabii: Wapentekoste wanaziona kuwa za kila kizazi, wako Waprotestanti wanaoamini zilikoma baada ya enzi ya mitume, na Wakatoliki, mbali na karama hizi, wana fundisho la mapaji saba ya Roho Mtakatifu linalotokana na Isaya 11. Mjadala huo ni mrefu na hautaishia hapa. Wote hata hivyo wanaisoma 1 Wakorintho 12:7 ileile: “kila mmoja hupewa ufunuo wa Roho kwa kufaidiana.”

Kanisa la Korintho ndilo lililoonyesha mambo yanavyokwenda mrama neno hilo likisahaulika. Walikuwa na karama tele. Walikuwa pia na mashindano, na waliokuwa na karama za kuonekana waliwafanya wengine wajione si kitu. Paulo hawaambii wazizime. Anaweka utaratibu: wanaonena kwa lugha wawe wawili, wasizidi watatu, tena kwa zamu, na kama hakuna wa kufasiri, mtu anyamaze kanisani. Yeye mwenyewe anasema kwamba kanisani anapenda kunena “maneno matano kwa akili zangu, nipate kuwafundisha wengine, zaidi ya kunena maneno elfu kumi kwa lugha.” Matano kwa elfu kumi! Kipimo chake ni kama jirani ameondoka na kitu. Katikati ya maelekezo hayo ndipo ilipo sura ya 13, ile ya upendo tunayoipenda kuisoma harusini. Haikuandikiwa maharusi. Iliandikiwa washirika waliokuwa wakigombania nani ana karama kubwa.

Kwa sauti tofauti kabisa kuna Tabitha wa Yafa, aitwaye pia Dorkasi, katika Matendo 9. Luka, mwandishi wa kitabu hicho, hajaandika hata neno moja alilolisema. Anatuambia alijaa matendo mema na sadaka, kisha akaugua akafa, wakamwosha na kumlaza chumba cha juu. Petro alipoitwa kutoka Lida akapandishwa chumbani, wajane walimzunguka wakilia na kumwonyesha kanzu na nguo ambazo Dorkasi alizitengeneza alipokuwa pamoja nao. Tulia hapo kidogo. Mjane wa siku zile aliweza kubaki bila mtetezi na bila kipato. Hawa wamesimama mbele ya mtume mkubwa, na badala ya hotuba ya marehemu wanainua mishono. Hatujui kama Tabitha aliwahi kujiuliza karama yake ni ipi. Wajane walijua, tena walikuwa nayo mikononi.

Hilo linanifanya niwe na mashaka kidogo na madodoso ya kupima karama yanayogawiwa kwenye semina. Hayana ubaya, lakini hupima zaidi mtu anapenda nini na anajionaje. Wanaohudumiwa ndio huiona karama mapema. Kuna mama kanisani ambaye hajawahi kushika kipaza sauti, lakini kila mwenye msiba anamtaka yeye akae naye. Akifika hasemi mengi. Anavuta kiti, anapokea simu zinazoingia ili mfiwa apumzike, anakumbuka kuuliza kama watoto wamelala. Ukimwambia ana karama ya kurehemu atacheka na kukataa. Waulize waliofiwa. Na kinyume chake kipo: mtu anaamini ana karama ya kuimba, ila kusanyiko zima linaomba wimbo uishe. Huyo naye anastahili rafiki wa kumwambia ukweli kwa upole, na labda kumwonyesha mlango mwingine ambako anangojwa.

Kuhusu fedha, Matendo 8 inatosha. Simoni, aliyekuwa mchawi huko Samaria, aliwatolea mitume fedha ili naye apate uwezo wa kuwapa watu Roho Mtakatifu kwa kuwawekea mikono. Petro akamjibu: “Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali.” Kumtunza mtumishi anayeshinda katika kazi ya Injili ni jambo jingine, na Maandiko yanaliagiza. Kumtoza mgonjwa kabla ya kumwombea ni biashara ya Simoni.

Je, kutumika kwa ajili ya wengine maana yake ni kukubali kila kinachoombwa? Hapana. Musa alikaa akiwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, na mkwewe Yethro akamwambia wazi kwamba jambo hilo si jema, atachoka yeye na watu pia. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani, yaani Wayahudi waliosema Kiyunani, waliposahaulika katika mgawo wa kila siku huko Yerusalemu, mitume hawakuongeza mgawo huo juu ya kuhubiri kwao. Waliagiza wachaguliwe watu saba (Matendo 6). Majina ya wale saba, kuanzia Stefano na Filipo hadi Nikolao wa Antiokia, yote ni ya Kiyunani, kana kwamba kanisa liliwakabidhi mgawo watu wa upande ule uliokuwa ukilalamika. Tunapomrundikia mtu mmoja kwaya, vijana, ulinzi wa mali na shule ya Jumapili, tunamchosha, na hapohapo tunawafungia mlango wengine watatu ambao wangeweza kushika kazi hizo.

Waefeso 4 ndipo viongozi wanapoguswa. Kazi ya wachungaji na waalimu, kwa mujibu wa mstari wa 12, ni kuwakamilisha watakatifu ili kazi ya huduma itendeke. Watakatifu hapo ni waumini wa kawaida wanaokaa kwenye viti. Mchungaji anayefanya kila kitu mwenyewe anasifiwa kwa bidii, lakini kwa kipimo cha mstari huo kazi yake bado haijaanza. Tena tangazo la jumla la “tunahitaji watu wa kujitolea” huwaleta walewale wa siku zote. Kinachowainua wengine ni kuitwa kando na kuambiwa jambo mahususi: tumeona unavyowasikiliza vijana, wako wawili wanaotaka kuacha shule, je, unaweza kuonana nao wiki hii? Mtu aliyeulizwa hivyo huwa na la kujibu, na mara nyingi hujibu ndiyo.