Kocha mwenye ushindi 2,029 na hana kombe la taifa

Kila nikisema nafundisha besiboli chuoni huku Marekani, swali la kwanza ni mmebeba makombe mangapi. Mi huwa nawajibu kwa kocha Mike Martin wa chuo cha Florida State. Yule mzee kakaa na timu moja tangu 1980 mpaka 2019, misimu 40, kashinda mechi 2,029 ambayo ni rekodi ya divisheni ya kwanza ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo Marekani, hakuna msimu aliomaliza na ushindi chini ya 40, fainali za Omaha kaenda mara 17, na ubingwa wa taifa hajauonja mpaka anafariki 2024. Kuna wanaomtania kwa hilo hadi leo. Hawajui hii kazi inafanyikaje.

Omaha, kule Nebraska, ndo fainali za vyuo zinapochezwa kila Juni, timu 8 tu, na ukifungwa mara mbili mapema unafungasha. Sasa besiboli sio soka, mrushaji wako bora akirusha mipira 110 Ijumaa mkono umekwisha, Jumapili humrudishi, kwa hiyo kule inategemea nani kabaki na mikono mizima siku hiyo. Martin kafika mechi ya mwisho ya ubingwa 1986 Arizona wakamfunga, karudi 1999 Miami wakamfunga 6-5. Ran moja hiyo, yaani pointi moja tu!

Kazi yenyewe iko kwenye kusaka vijana na kugawa hela. Miaka mingi, mpaka sheria zilipobadilika 2025, timu nzima ilikuwa na skolashipu 11.7 (ndiyo, na pointi saba) za kugawia wachezaji wasiozidi 27, wakati futiboli ya Kimarekani chuo hicho hicho ilikuwa na 85 kamili. Kila aliyepewa ilikuwa lazima apate angalau robo. Basi ulikuwa unakaa sebuleni kwa watu, dogo wao anarusha maili 90 kwa saa, unamwambia mama tunamtaka sana mwanao ila ada tutalipa robo, ile nyingine mjipange. Na hapo hapo timu za kulipwa nazo zinamnyemelea. Akikubali kuja kwako, hawaruhusiwi kumgusa mpaka amalize mwaka wa tatu au afike miaka 21, halafu wale wazuri wanaondoka na unaanza upya. Fanya hivyo miaka 40 bila kushuka hata msimu mmoja, uone.

Halafu kuna kumbadilisha mtu. Buster Posey alifika kwa Martin akiwa shotistopu, mlinzi anayesimama kati ya bezi ya pili na ya tatu, mwaka wa pili wakamfanya mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Inasikika rahisi. Shotistopu maisha yake yote kafundishwa kuokota mpira kwa mikono laini, sasa mdakaji mpira ukidunda mbele yake hatakiwi kuudaka kabisa, anapiga magoti, glovu inaziba katikati ya miguu, kidevu kifuani, mabega yanakunjwa kwa mbele ili mpira umgonge kifua udondoke karibu. Yaani unamfundisha mtu kukubali kupigwa. Mimi nafanya zoezi hili kila wiki na vijana wengi bado wanageuza uso. Posey mwaka 2008 alichukua tuzo ya mchezaji bora wa vyuo.

Ngazi ya kupanda nayo ndefu. Martin kwanza alifundisha basketiboli chuo kidogo pale Tallahassee, 1975 akawa msaidizi Florida State, kiti cha kocha mkuu kakipata baada ya aliyekikalia, Dick Howser, kwenda kuinoa New York Yankees, timu ya ligi kuu ya kulipwa. Wasaidizi ndo waliokuwa wanateseka, maana mpaka 2023 waliruhusiwa wawili tu wa mshahara, wa tatu aliitwa wa kujitolea, aliishi kwa hela ya kambi za watoto za kiangazi na asubuhi ndo yeye aliyesawazisha udongo wa uwanja.

Kwenda ligi kuu moja kwa moja kutoka chuoni ilikuwa ndoto. Howser aliweza kwa sababu huko alishacheza na kufundisha kabla. Mpaka Oktoba 2025, San Francisco Giants, timu ya ligi kuu, wakamchukua Tony Vitello, kocha wa chuo cha Tennessee, awe kocha wao mkuu, mtu ambaye hajacheza wala kufundisha besiboli ya kulipwa hata siku moja, na bosi wa Giants aliyemchagua ni Posey huyo huyo. Mimi nilisubiri nione atawaambia nini wachezaji wenye mikataba ya mamilioni, maana hao huwezi kuwatisha na robo ya ada.